Onja maji ndipo ushushe mshipi: majibu kwa wavuvi wa Mto Pangani

Maswali niliyopokea safari hii karibu yote ni ya mto mmoja, Pangani, na yanauliza jambo moja: kina. Masika nishushe pima ngapi, kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, pima ngapi. Pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, nitazitaja, lakini kwanza nawaomba wote mlioandika msome jibu la swali la kwanza, hata kama si lenu. Mengine yote yamesimama juu yake.

Shikamoo mzee. Navua kwa mshipi juu kidogo ya kivuko, upande wa mjini. Masika maji yakishakuwa mekundu sipati changu wala kolekole, hata nikishusha mpaka chubwi, risasi ya kuzamishia mshipi, iguse tope. Wamekwenda wapi? Nishushe pima ngapi?

Marahaba mwanangu. Samaki wako wameifuata chumvi. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto, kwa hiyo yanapokutana hayachanganyiki mara moja. Ya mto hupita juu kuelekea baharini, na ya chumvi hujipenyeza chini yake kama ulimi, yakipanda mto wakati wa kujaa na kurudi wakati wa kupwa. Changu na kolekole ni watu wa chumvi. Chumvi ikiwa chini, nao wako chini. Ikisukumwa nje ya mlango wa mto, nao wanatoka.

Sasa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mto una nguvu. Tena usitazame mvua ya Pangani peke yake. Maji haya yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanakusanyika bwawa la Nyumba ya Mungu, yanashuka kupita Korogwe na Hale huku yakipokea mito ya Pare na Usambara. Unaweza kuamka hapa jua linawaka na mto ni mwekundu kama udongo wa Lushoto.

Hutaweza kujua ulimi wa chumvi umefika wapi kwa kutazama tu. Inabidi uonje. Chukua chupa ya soda ya kioo, ifunge chubwi nzito kitakoni na kamba shingoni. Katakata kandambili iliyochakaa, uchonge kizibo kinachokaa bila kubana sana, ukifunge uzi wake wa pekee. Teremsha chupa mpaka kina unachokitaka, vuta uzi kwa ghafla, kizibo kitoke. Mapovu yakikoma, chupa imejaa maji ya kule chini. Ipandishe, tia maji kidogo ulimini, kisha tema. Usimeze, mto unapita vijiji vingi kabla ya kutufikia.

Fanya hivyo juu, katikati na chini. Juu ni maji baridi ya mto, yaani yasiyo na chumvi, na chini ni chumvi? Basi samaki wako pale, na ndoana yako ikae shibiri moja tu juu ya tope. Ukiilaza topeni utalisha kaa. Ukiinyanyua pima nzima umeitoa katika maji yao. Chumvi imeanza pima moja na nusu kutoka juu? Una nafasi kubwa zaidi, jaribu kuanzia hapo kwenda chini. Maji ni baridi mpaka chini kabisa? Usipoteze chambo. Teremka mlangoni wakati maji yanajaa, au ukubali kuwa ni zamu ya kambare.

Unapata muda mfupi tu masika, ule wa maji kusimama baada ya kujaa, kabla mkondo haujageuka. Hapo ndipo chumvi imepanda mbali na chubwi inakaa wima. Na kwa kuwa maji ni tope, samaki hawaoni, wananusa. Acha kamba hai nyumbani, weka kipande cha mkizi chenye damu.

Miaka mingi nimewaona vijana wakihama pahali hadi pahali wakilaumu bahati, kumbe ndoana iko katika maji ambayo changu hawezi kukaa. Inaniuma, kwa sababu chupa na kandambili kila nyumba inavyo.

Mimi ni wa Bweni, ng'ambo ya mto kutoka mjini Pangani. Kaskazi hii nataka kupanda mto na mtumbwi wangu badala ya kubaki mlangoni. Je, kuna samaki wa bahari huko juu, na nivue kina gani?

Wapo, na Januari na Februari ndiyo miezi yake. Mvua za vuli zimekwisha, mto umepungua, chumvi inapanda mbali. Wakulima wa huko juu wanalijua jambo hili kwa uchungu, maana chumvi inaingia mashambani mwao, na sababu si kiangazi peke yake: maji mengi yanatumika na kuzuiwa kabla hayajafika kwetu. Sisi wavuvi tusifurahie sana. Mto ukikosa maji baridi ya kutosha, hata mazalia ya samaki wetu yanaharibika.

Kina kinabadilika na maji, kwa hiyo nitakupa mzunguko mmoja.

Maji yanapoanza kujaa, samaki wanakimbilia kando, chini ya mikoko, kutafuta kaa wadogo na kamba. Hapo nusu pima hadi pima moja yatosha, na usitumie chubwi nzito. Iache chambo ibebwe na mkondo iingie kivulini. Maji yakishajaa wako ndani ya mizizi kabisa, utapoteza ndoana kuliko utakavyopata samaki. Kula chakula chako, pumzika.

Maji yakianza kupwa, funga nanga kwenye mdomo wa kijito kinachotoka mikokoni. Kila kilichoingia lazima kitoke pale, na wakubwa wanakaa nje wakingoja, palepale kijito kinapoangukia mkondo mkuu. Mara nyingi ni pima mbili hadi tatu. Mimi ukiniambia nichague saa moja tu ya kuvua katika mto huu mwaka mzima, nitachagua saa ya kwanza ya kupwa, kaskazi, alfajiri, kwenye mdomo wa kijito.

Yakishapwa, tafuta kona ya mto. Upande wa nje wa kona, ule ambao ukingo umekatika na mikoko imeinama kama inataka kuanguka, ndio wenye kina. Upande wa ndani ni mchanga. Pima kwa chubwi, funga uzi wa rangi kwenye mshipi kila pima moja ili usihesabu kwa kubahatisha gizani. Maji ya kaskazi ni maangavu, kwa hiyo mshipi mwembamba, chubwi ndogo, na sasa ndiyo kamba hai atoke nyumbani. Mchome mkiani, aendelee kurusha miguu.

Bamvua au maji mafu, ipi bora mtoni?

Inategemea msimu. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hupandisha chumvi mbali na kuingiza samaki wengi, ila mkondo ni mkali. Kaskazi napenda bamvua. Masika, mkondo wa bamvua ukijumlishwa na wa mto, chubwi haikai. Lakini ukivua saa ya kusimama kwa maji utafaidi kuliko siku za maji mafu, ambapo bahari hujaa kidogo na chumvi haina nguvu ya kupanda.

Kwa pwani yetu siku za bamvua bahari hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kama saa nne. Kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Ila kumbuka, ukiwa juu mtoni maji huchelewa kugeuka kuliko ya mlangoni. Usiangalie saa, angalia takataka zinazoelea.

Kusi linatufungia. Mashua ndogo kama yetu itoke mlangoni saa ngapi?

Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi unaleta mawimbi moja kwa moja kwenye mlango wa Pangani. Maji yakipwa, mto unatoka ukigongana na mawimbi hayo, na pale kwenye fungu la mchanga bahari inasimama kama ukuta. Chombo kidogo hakina kazi pale. Toka maji yakiwa yamejaa na kusimama, rudi yakiwa yanajaa. Ukichelewa na yameanza kupwa kwa nguvu, ngoja nje, utie nanga penye usalama hata kama ni saa nyingi na watu wanakusubiri sokoni.

Siku ambazo hutoki, vua mtoni kwa utulivu. Chaa na mkizi wapo miezi hiyo, maji mafupi, pima moja au chini yake.

Mimi ni mama, natanda uduvi kwa chandarua na wenzangu ukingoni. Vijana wa mishipi wanasema sisi ndio tunaomaliza samaki. Ni kweli?

Dada yangu, pole kwa maneno hayo. Uduvi wenyewe ni mwingi na unazaa haraka. Tatizo ni kinachonaswa pamoja nao. Mikoko na maji mafupi ya ukingoni ni malezi ya changu, chaa, mkizi na kamba wakiwa wadogo kama punje, na chandarua hakichagui. Ndiyo maana chandarua hakiruhusiwi kuvulia, kama vile kokoro.

Lakini wanaokulaumu nao wajibu. Kijana anayeweka kapuni changu wa ukubwa wa kidole, au anayekata mkoko kwa ajili ya kuni, ana haki gani ya kukunyooshea mkono? Ushauri wangu ni huu: uduvi mwingi hutembea kwa makundi yanayoonekana, maji yanageuka rangi. Tandeni kwa wavu unaoruhusiwa, si chandarua, pale penye kundi, nje ya mizizi, muda mfupi, na kila mkinyanyua mwage kwanza kwenye beseni lenye maji ili vifaranga virudishwe vikiwa hai. Kupapasa chini ya mikoko siku nzima ndiko kunakoharibu. Na mkae kitako na kikundi cha ulinzi wa bahari cha kijiji chenu mkubaliane sehemu, ninyi mkiwemo, si kuamuliwa.

Samaki hongwe alinichoma mkononi, nilipiga kelele usiku kucha. Dawa ni nini?

Maji ya moto. Miiba ya hongwe na ya samaki taa ina sumu inayovunjwa na joto. Tumbukiza mkono katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasiyokuunguza. Mtu mwingine ayapime kwanza kwa mkono wake mzima, maana wako umekufa ganzi. Kaa humo nusu saa hadi saa moja na nusu, ukiongeza joto yakipoa. Kisha nenda zahanati: kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani, na sindano ya pepopunda ni lazima. Ukichomwa kifuani au tumboni usingoje maji ya moto, kimbia hospitali. Usikate jeraha, usilifunge kamba.

Nipo Bagamoyo, navua mlango wa Ruvu. Haya yanahusu na kwetu?

Ya chumvi na chupa, ndiyo, bila kubadilisha kitu. Ya pima, hapana. Mlango wenu ni wa tope na mafungu, kamba ni wengi kuliko kwetu, na mkondo mkuu unaweza kuhama baada ya masika kubwa. Kila Juni pima upya kwa chubwi kabla ya kuamini alama zako za mwaka jana.

Nina miaka kumi na tatu. Baba amenikataza kuvua kando ya mto peke yangu. Mwambie mimi najua kuogelea.

Mwanangu, baba yako yuko sahihi. Mto huu una mamba, na kuogelea hakusaidii kitu. Vua ukiwa na mkubwa, ukiwa juu ya gati au ndani ya chombo kikubwa, usisimame majini hata kwa magoti. Jua likianza kuzama, kusanya mshipi urudi, na samaki wako uwaparie nyumbani. Usiwaoshee ukingoni.