Maswali na majibu: "Nyasi tupu" nani kasema?

Kijijini kwetu Mufindi kuna mlima wa nyasi tupu. Tukipanda misindano, si tunarudisha msitu?

Hamrudishi, mnaanzisha. Sao Hill yenyewe, shamba kubwa la miti la serikali huko Mufindi, majaribio ya miti yalianza 1939 kwenye nyasi; upandaji mkubwa ukaja miaka ya 1970, ili kiwanda cha karatasi cha Mgololo kipate magogo. "Tupu" ni neno la mwenye miche. Mwenye ng'ombe hapo anaona malisho, na mwenye nyumba anaona nyasi za kuezekea. Anayedhani nyasi hazina kitu aende uwanda wa juu wa Kitulo mwezi wa Februari, maua yakiwa yametanda; nyasi zile ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Kabla ya shimo la kwanza, mkutano wa kijiji uamue ng'ombe waende wapi.

Nafasi kati ya mche na mche?

Mita 3 kwa 3, miche kama 450 kwa ekari. Swali hili linarudi kila masika. Liandikeni ukutani.

Miche yangu ya misindano imedumaa kitaluni, imekuwa ya njano. Niongeze mbolea?

Acha mbolea kwanza. Ulijaza viriba udongo gani? Kama ni wa mbugani, hauna kuvu wanaoshikana na mizizi ya msindano na kuupatia fosforasi. Ng'oa mche mmoja, uoshe mizizi: yenye kuvu ina vijitawi vifupi vinene, vilivyogawanyika kama panda ya manati. Usipoviona, chota udongo wa juu chini ya misindano iliyokomaa, debe 1 kwa madebe 9 ya udongo wako. Usiuanike juani, kuvu watakufa.

Nichunge ng'ombe shambani wapunguze nyasi, moto usije?

Miaka mitatu ya kwanza hapana, watavunja vilele. Palilia kisahani cha mita 1 kuzunguka kila mche. Baadaye wachunge, ila matawi ya miti yakishagusana, nyasi hufa kwa kivuli, malisho yanakwisha, na chini hubaki sindano kavu ambazo ng'ombe hali na moto unazipenda. Kwa hiyo pogolea matawi ya chini, uyatoe shambani, na ulime barabara ya moto, yaani ukanda usio na nyasi wa kuzuia moto, kabla ya Juni. Si Septemba, jirani akiwa ameshawasha kiberiti.

Mikaratusi bondeni, penye vinyungu (bustani za bondeni)?

Hapana. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji.