Kwa mnaoanza kazi ya filamu za kale: rangi inakaa wapi?

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii huanza na Technicolor, kampuni ya Marekani ya filamu za rangi, kwa sababu inavutia na imeandikiwa mengi. Mimi huwapeleka kwanza kwenye Kinemacolor, mfumo wa filamu za rangi wa Waingereza. Mkanda wake hauna rangi hata chembe. Ukiishika rili utaapa kwamba ni filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe, na ukishaiandika hivyo kwenye daftari la hifadhi, umeizika. Kwa hiyo kabla hujauliza filamu ni ya mwaka gani, uliza rangi yake inakaa wapi. Huenda ilipakwa kwa mkono au kwa stensili, kama walivyofanya kampuni ya Pathé kule Ufaransa. Huenda imo ndani ya mkanda wenyewe. Au huenda ilibaki kwenye mashine, na mashine yenyewe haipo tena.

Kinemacolor ni ya kundi hilo la mwisho. George Albert Smith wa Brighton aliiombea hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1906. Kamera yake ilikuwa na gurudumu la vichujio, chekundu na cha kijani, likizunguka ili fremu moja ipigwe kupitia chekundu na inayofuata kupitia cha kijani. Projekta nayo ilikuwa na gurudumu la namna hiyo, na kazi ya kuchanganya rangi waliachiwa watazamaji kwa macho yao. Ili macho yasishtuke, zilipita fremu 32 kwa sekunde, mara mbili ya mwendo wa 16 uliozoeleka. Piga hesabu: futi moja ya mkanda ina fremu 16, basi futi 1,000 zinakwisha kwa dakika 8 na sekunde 20. Gharama ya mkanda ni mara mbili. Na mwendeshaji akiufunga mkanda ukapishana na gurudumu kwa fremu moja tu, majani yanageuka mekundu na nyuso za watu zinakuwa za kijani.

Kuitambua si kazi ngumu. Tandaza kipande juu ya meza ya taa, utafute kitu ambacho lazima kilikuwa chekundu. Koti la askari wa Kiingereza linafaa sana. Kwenye nakala ya kuonyeshea, fremu moja koti litakuwa jeupejeupe, inayofuata limekolea weusi, kisha jeupe tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Kwenye negativu, yaani mkanda uliopita kwenye kamera, mambo yanageuka. Usipoteze muda na ukuta wa kijivu, kwani unatoka karibu sawa kwenye fremu zote.

Baada ya hapo utakutana na kingo za rangi. Fremu mbili za jozi hazikupigwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo farasi akikimbia, miguu yake inavuta utepe mwekundu upande mmoja na wa kijani upande mwingine. Kompyuta siku hizi zinaweza kuzioanisha fremu hizo hadi utepe ukatoweka. Fanya ukipenda, lakini hifadhi pia nakala ambayo hukuigusa, maana watu wa London walilipa kiingilio wakaona kingo zile zile. Kusafisha kupita kiasi ni ugonjwa wa fani yetu.

Technicolor wenyewe walianzia kwenye mtego huo huo wa rangi kubaki kwenye mashine. Filamu yao ya 1917 ilihitaji projekta maalumu ya kuunganisha picha mbili, na Herbert Kalmus, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, alikuja kutania kwamba mwendeshaji wake alipaswa kuwa nusu profesa, nusu mwanasarakasi. Kufikia 1922 walikuwa wameiweka rangi kwenye mkanda.

Kuhusu tarehe, utaona watu wakibishana: 1906, 1908, 1909. Zote ni sahihi, ila kila moja ina jambo lake. Ya kwanza ni ya hataza, ya pili ni ya kuwaonyesha waalikwa, ya tatu ni ya hadhira ya kulipa katika ukumbi wa Palace, London. Wala usiiite filamu ya kwanza ya rangi. Edward Raymond Turner alishapata hataza ya rangi tatu mwaka 1899, akapiga picha za majaribio, akafariki 1903. Charles Urban, aliyekuwa akimfadhili, ndiye aliyemkabidhi Smith kazi hiyo, na Smith akapunguza rangi kutoka tatu hadi mbili. Kinemacolor ni ya kwanza kufanikiwa kibiashara. Kilele chake kilikuwa picha za sherehe za Mfalme George V kule Delhi, zilizopigwa Desemba 1911, ambazo sehemu kubwa imepotea.

Rangi hiyo ya tatu iliyoachwa ndiyo iliyomponza. Upande wa William Friese-Greene, mshindani wake, uliipinga hataza mahakamani. Smith alikuwa ameahidi rangi za asili, na kwa nyekundu na kijani peke yake huwezi kupata buluu ya kweli. Jaji wa kwanza alimpa ushindi Smith mwaka 1913. Mahakama ya Rufaa ikaifuta hataza mwaka 1914. Kwa hiyo ukikuta rili ya Uingereza ya rangi mbili iliyopigwa baada ya hapo, usikimbilie kuiandika Kinemacolor. Mlango ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye kamera na vichujio.