Kaka wa Tabora, acha hiyo barua ya upole, siku zako zinakimbia

Kaka, kama hiyo barua hujaituma, usiitume kwanza. Kama umeshaituma, usikae kusubiri jibu.

Umeandika kwamba una miaka 54, umetangaza michezo kwenye televisheni huko Tabora kwa miaka 11, mkataba wa mwaka mmoja mmoja umekwisha tarehe 31 na hawakukupa mwingine, na meneja wa vipindi amekutumia ujumbe WhatsApp kwamba wanataka "sura changa". Ukauliza kama kesi za watangazaji wa Uingereza na Marekani zinaweza kukubeba, udai kiasi gani, kanda zako za zamani ni mali ya nani, na kama ukipata kazi redioni utaharibu madai. Halafu mwisho kabisa, kana kwamba ni jambo la kupita, ukasema mtu wa utumishi amekushauri uiandikie bodi barua ya upole na usubiri kikao chao.

Hapo ndipo nilipochomwa. Mtu wa utumishi wa kwetu aliniambia maneno hayo hayo.

Mimi nilikuwa mtangazaji wa michezo wa televisheni hapa Kigoma. Kituo sikitaji. Nilianza 2016 kwa mkataba wa mwaka mmoja, ukahuishwa mara 7. Tarehe 25 Julai 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho ilipoletwa hapa kwetu, Simba na Yanga, nilisimama pembeni mwa Uwanja wa Lake Tanganyika tangu asubuhi. Taddeo Lwanga alipofunga lile bao pekee, nililitaja jina lake wakati wenzangu bado wanaulizana nani kaugusa mpira. Nilikuwa na miaka 48 siku hiyo. Mvi hazijawahi kumkosesha mtu jina la mfungaji.

Mambo yalianza kugeuka Mashujaa walipopanda Ligi Kuu, msimu wa 2023/24. Timu ya nyumbani iko juu, kila mtu anataka kuonekana uwanjani, na meneja wa vipindi ni mpya. Ghafla nikaanza kuitwa mama. Sasa mtu wa nje atasema hiyo ni heshima, na kweli nyumbani mimi ni mama wa watoto watatu, nikiitwa hivyo naitika. Lakini pale studio nilikuwa dada kwa miaka 7, na huyo meneja nimemzidi miaka sita tu. "Mama, leo jua kali, mwache kijana aende." "Mama, hizi taa mpya zinaonyesha sana uso." Unalalamikaje mtu akikuita mama? Ndiyo maana nakwambia, andika. Andika siku, saa, nani alisema, nani alikuwepo. Mimi nilikuwa nameza.

Ijumaa tarehe 15 Desemba 2023 nikaletewa bahasha ya kaki mezani. Nilikuwa naandika vikosi kwa kalamu mbili, nyekundu na bluu, kama kawaida yangu. Barua ilikuwa na mistari minne. Mkataba wangu unaoishia tarehe 31 Desemba hautahuishwa "kutokana na maboresho ya mwonekano wa vipindi". Kalamu nyekundu ilikuwa bado mkononi, nikapigia mstari neno mwonekano. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo na mstari wake.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana mengine yote niliyokosea hayafikii hili.

Nilienda kwa mtu wa utumishi. Tulikuwa tunafahamiana, tumezikana, watoto wetu wamesoma darasa moja. Akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini: dada, usikimbilie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoshughulikia migogoro ya kazi, ukienda kule utawakasirisha na hutarudi tena. Iandikie bodi barua ya upole, eleza utumishi wako, bodi inakaa tarehe 31 Januari, mimi mwenyewe nitakusemea. Nikaandika kurasa mbili. Nikashukuru mpaka madereva.

Mkataba ulikufa tarehe 31 Desemba. Siku ya 30 kutoka hapo, ya mwisho kupeleka madai Tume, ni tarehe 30 Januari. Bodi inakaa tarehe 31. Hesabu mwenyewe, kaka, kwa vidole ukipenda.

Sitaki kusikia kwamba hakujua. Mtu aliyekaa ofisi ya utumishi miaka yote hiyo, anayeitwa kwenye Tume kila mfanyakazi akilalamika, anajua siku 30 kuliko anavyojua namba yake ya simu. Alikuwa analinda mshahara wake, basi angenyamaza tu. Kunyamaza kungenisaidia zaidi.

Na wa pili kunipoteza ni mzee mmoja wa kijiweni pale Mwanga, anayejiita mwanasheria kwa sababu aliwahi kuwa karani wa mahakama. Huyu alinipa uongo wenye ukweli ndani yake, na huo ndio mbaya zaidi. Akasema: wewe umebaguliwa kwa umri, madai ya ubaguzi ni siku 60, una mpaka mwisho wa Februari, tulia. Ni kweli kanuni za Tume za mwaka 2007 zinatoa siku 60 kwa migogoro mingine. Lakini mgogoro unaohusu uhalali wa kuachishwa kazi ni siku 30. Na sheria inasema kukuachisha kwa sababu ya kibaguzi ni kuachisha isivyo halali. Kwa hiyo ukisema "wameniondoa kwa sababu ya umri wangu", tayari unapinga kuondolewa, na saa inayohesabika ni ile fupi. Siku ni za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo, sikukuu zimo.

Nilifika Tume Ijumaa tarehe 16 Februari 2024, nimevaa koti la kazini, nikiamini nimewahi. Ofisa wa mapokezi alisoma barua yangu, akasimama, akaenda kwenye kalenda ya ukutani. Akaanza kugonga tarehe kwa ncha ya kalamu, moja moja, midomo inacheza bila sauti. Alipofika 30 alitua kidogo, akanitazama, akaendelea. Akaishia 47. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, ulikuwa wapi?" Huyo ndiye aliyekuwa na haki ya kuniita mama, kwa sababu alinionea huruma kweli.

Niliomba kuongezewa muda. Ndugu zangu, msidhani hiyo ni fomu ya kujaza tu. Unaapa hati ya kiapo, na unatakiwa ueleze kila siku ya ucheleweshaji, siku kwa siku. Ulikuwa hospitali? Leta karatasi. Ulisafiri? Leta tiketi. Nikaulizwa, tarehe 9 Februari ulikuwa unafanya nini? Nilikuwa nasubiri simu ya mtu wa utumishi. Tarehe 10? Nasubiri simu. Ukiyasema kwa sauti mbele ya watu, na wakili wa kituo amekaa pale na faili lake, unasikia jinsi yasivyo na uzito. Ombi likakataliwa. Simlaumu aliyelikataa. Kusubiri ahadi ya mwajiri si sababu, na nilikuwa na miguu, na ofisi iko mjini.

Madai yenyewe hayakusikilizwa hata dakika moja. Barua yenye neno mwonekano haikufunguliwa. Mikataba 8 niliyoipanga kwa mwaka ndani ya faili la plastiki haikuangaliwa. Kwa sheria ilivyokuwa wakati ule, aliyeachishwa isivyo halali alikuwa anaweza kupewa fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12, na hesabu hiyo nilishaifanya, karo za watoto zikiwa ndani yake. Binti yangu wa pili alirudi nyumbani muhula mmoja.

Na kinachouma ni kwamba nilikuwa na kesi nzuri, kama wewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, kifungu cha 7, inautaja umri waziwazi kati ya misingi ya ubaguzi iliyokatazwa kazini. Ukileta ushahidi wa awali kwamba umebaguliwa, mzigo unahamia kwa mwajiri, yeye ndiye athibitishe kwamba hakubagua, au kwamba hitaji hilo linatokana na asili ya kazi yenyewe. Aje aeleze asili ya kazi ya kusoma matokeo ya ligi inahitaji ngozi ya namna gani. Na wakikwambia "mkataba ulikwisha wenyewe, hatukukufukuza", kifungu cha 36 cha sheria hiyo hiyo kinasema kutohuisha mkataba wa muda maalumu, mahali ambapo mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa, nako ni kuachisha kazi. Wewe umehuishiwa miaka 11. Hiyo mikataba itafute yote, hata iliyochanika. Na huo ujumbe wa WhatsApp upige picha, uchapishe, simu yenyewe usiiuze wala usimpe mtoto acheze nayo.

Hizo kesi za nje ulizozitaja. Miriam O'Reilly aliishinda BBC Januari 2011, baraza la kazi la London likakubali alibaguliwa kwa umri, dai la jinsia likaanguka. Kipindi chake kilikuwa cha mambo ya vijijini, si michezo, ila jambo ni lile lile. Colleen Dominguez wa michezo aliwafungulia kesi Fox Sports kule Marekani mwaka 2015, akidai umri na jinsia. Zisome zikupe moyo, mimi mwenyewe zilinipa. Lakini msuluhishi wa Tabora hafungwi na baraza la London, na kwao muda unahesabika kwa miezi. O'Reilly alikuwa na miezi 3 ya kupeleka madai. Wewe una siku 30, na ukijilinganisha naye utalala usingizi usio wako.

Kwa maelezo yako leo ni siku ya 19. Zimebaki 11, na usizitumie zote.

Kesho asubuhi nenda ofisi ya Tume hapo Tabora, uliza fomu namba 1, ile ya kupeleka mgogoro. Ijaze pale pale, ukikwama waulize, wanasaidia. Tarehe mgogoro ulipotokea andika ile ya mwisho wa mkataba, na sababu iandike wazi: kuachishwa isivyo halali, ubaguzi wa umri. Usiandike "kutoelewana na uongozi" ili uonekane mstaarabu. Nakala mpelekee mwajiri kwa mkono, asaini na kugonga muhuri wa kupokea, kisha urudishe Tume ushahidi kwamba amepata. Wakigoma kusaini, rudi siku hiyo hiyo ukawaambie Tume, na ndiyo maana sitaki ufanye haya siku ya 29.

Atakayekwambia ukienda Tume utaharibu uhusiano, mjibu kwamba hatua ya kwanza kule ni usuluhishi, mnakaa meza moja mnaongea. Kama bodi ina nia njema, itakuja na nia yake hapo. Barua ya upole unaweza kuiandika hata baada ya fomu kupokelewa, andika kurasa kumi ukipenda.

Kuhusu kanda na kazi ya redio, wengine humu watakujibu, akili yangu leo haiko huko.

Ukitoka pale na fomu yako imegongwa muhuri wa kupokelewa, ipige picha, funika majina, iweke hapa hapa kwenye uzi. Nitakuwa nafungua kila saa kuangalia.