Kupanda milima Mwanza? Anzia Saanane

Dada umeuliza wapi pa kupanda milima hapa Mwanza bila kwenda mpaka Kilimanjaro, mi nakwambia Saanane, kile kisiwa cha Ziwa Victoria. Boti unachukulia Capri Point, ni dakika chache tu ushafika, zamani palikuwa zoo tangu 1964 ndo ikaja kuwa hifadhi ya taifa 2013. Njia ni fupi ila ni mawe matupu, unapanda unapita kwenye miti, pimbi wamejaa juu ya miamba wanajianika, ukifika juu unaliona ziwa lote na mji wote yani raha sana aisee. Vaa raba zenye meno, mvua ikinyesha yale mawe yanateleza vibaya mno. Nenda asubuhi kabla jua halijawaka, na maji ya kunywa usisahau.