Maswali na majibu: Hesabu mizunguko kabla ya kuhesabu mifuko

Kwa nini frikwensi za mitetemo ya kwantumu huandikwa kwa tesla, si hezi?

Kwa sababu mitetemo hii, yaani kupanda na kushuka kwa sifa za metali kama ukinzani uga wa sumaku B unapobadilishwa, hujirudia kufuata 1/B, si kufuata muda, na B hupimwa kwa tesla. Swali hili linaletwa kila mara, na kitabu chochote kuhusu uso wa Fermi (mpaka wa hali zilizojazwa na elektroni katika metali) kina jibu lake. Sehemu ndogo zilizofungwa za uso huo ndizo tunazoziita mifuko, na kila mfuko hutoa frikwensi yake.

Nimepima ukinzani wa BaFe2As2 (kampaundi ya bari, chuma na aseniki) kuanzia tesla 20 hadi 45. Uchanganuzi wa Fourier, unaotenganisha frikwensi, unatoa vilele vitano kati ya tesla 60 na 140. Je, nina mifuko mitano?

Huna ushahidi wa mitano. Piga hesabu: 1/20 kutoa 1/45 ni takriban 0.028. Katika nafasi hiyo frikwensi ya tesla 100 haimalizi hata mizunguko mitatu, na frikwensi mbili zinazopishana kwa chini ya tesla 36 hivi hazitenganishiki. Vilele vyako vinapishana kwa 20! Baadhi vimezaliwa na mkunjo laini wa polinomia uliouondoa kama usuli. Badilisha digrii ya polinomia, punguza masafa ya uga, kisha tazama. Kilele kinachohamahama usikiite mfuko.

Isitoshe, fuwele hii ikipoa chini ya kelvini 140 hivi hugawanyika kuwa vikoa pacha, maeneo madogo yaliyoelekea pande tofauti. Ukiinamisha uga, kila kikoa hutoa ishara yake, na mfuko mmoja huonekana kama miwili. Hukusema kama ulizibana fuwele zako ili kuondoa pacha. Nadhani hukuzibana.

Mitetemo inaweza kuniambia kama mfuko ni wa elektroni au wa matundu (nafasi zinazoachwa na elektroni)?

Hapana, wala mahali ulipo. Uhusiano wa Onsager wa 1952, unaofungamanisha frikwensi na mfuko, unatoa eneo la mkato wa mfuko tu. Mengine yatafute kwenye athari ya Hall (volteji ya pembeni ndani ya uga wa sumaku), fotoelektroni (elektroni zinazong'olewa na mwanga) na hesabu za bendi, yaani za nishati za elektroni, nazo hesabu usiziamini kama zilivyo: katika LaFePO, kampaundi ya lanthani, chuma, fosforasi na oksijeni, ilibidi bendi za elektroni na za matundu zisogezwe pande tofauti ndipo zikalingana na vipimo.

Nichanganye kobalti au fosforasi kwenye BaFe2As2?

Fosforasi, bila kusita. Kobalti huingia ndani ya tabaka lenyewe la chuma, njia ya elektroni unazotaka kuzisikia, na mtawanyiko hufifisha mitetemo kwa kasi ya kieksponenti. Fosforasi hukaa mahali pa aseniki na haiongezi elektroni. Ndiyo maana BaFe2(As1-xPx)2 iliweza kufuatwa kutoka upande wa fosforasi nyingi kushuka kuelekea x (sehemu ya fosforasi) ya 0.3, ambako halijoto ya superkondakta, ile ambayo chini yake ukinzani hutoweka, hufika kelvini 30. Matokeo ya 2010 yalionyesha mifuko ikisinyaa na elektroni zikizidi kuwa nzito kadiri usumaku unavyokaribia. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote ambayo mbinu hii imetupa kuhusu niktaidi za chuma (kampaundi za chuma na aseniki au fosforasi), na lilitokana na fuwele safi. Nawasihi wanafunzi: tumieni miezi kwenye tanuri kabla ya kuomba zamu ya sumaku kubwa. Sumaku haiokoi fuwele chafu.

Kwa masafa hayohayo ya 20 hadi 45, nilitafuta masi fanisi (uzito ambao elektroni huonekana kuwa nao ndani ya fuwele) kwa fomula ya Lifshitz na Kosevich, inayoisoma kutokana na mitetemo kufifia halijoto ikipanda, nikitumia uga wa tesla 32.5. Ni sawa?

Si sawa. Wastani unachukuliwa kwenye 1/B, na hapo unapata tesla 27.7. Masi uliyoandika imezidi kwa takriban asilimia 17. Irekebishe kabla hujaituma popote.