Bei ya Maziwa Ikishuka Januari, Mazungumzo Yaanze Agosti

Kila mvua zikishakolea hapa Dodoma, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa tunaanza kutumiana ujumbe ule ule: kituo kimeshusha bei. Majani yametoka, ng'ombe wamezaa, ndoo zinajaa, na lita imepunguzwa thamani bila mfugaji kuulizwa. Nafuga upande wa Ihumwa, na maziwa yangu mengi yanapitia kituo cha kukusanyia, kwa hiyo uchungu huo naujua. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kukamua, ambaye kiangazi kizima alinunua maji ya boza na pumba kwa bei ya kuruka, ana haki ya kukasirika anapotumiwa bei mpya kwenye simu kama vile maziwa si yake.

Lakini hasira ya Januari inatukuta tukiwa hatuna la kumwambia mnunuzi. Siku hiyo maziwa yapo kila boma, na yeye anajua kwamba usipompa wewe atapewa na jirani yako. Nguvu ya mfugaji wa Dodoma iko kiangazi, na ndiyo maana nashauri tuanze kuitafuta bei ya Januari miezi mingi kabla.

Tuangalie kwanza maziwa yanafurika kwa sababu gani. Huku kwetu tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Ng'ombe anayetegemea malisho ya porini hunawiri majani yakishakuwa mengi, na akinawiri ndipo anapoingia kwenye joto, yaani anapokuwa tayari kupandishwa. Akipandishwa Machi atazaa Desemba, kwa kuwa mimba ya ng'ombe ni miezi tisa na siku chache. Hivyo bila mtu yeyote kupanga, mifugo ya eneo zima inazaa ndani ya wiki zile zile, na ng'ombe hufika kilele cha maziwa kama mwezi mmoja na nusu hadi miwili baada ya kuzaa. Kiwanda kina matangi yale yale, mashine zile zile na wanywaji wale wale. Maziwa yakizidi uwezo wake, kinashusha bei au kinarudisha madumu. Ikifika Agosti, gari la kituo hicho hicho linazunguka vijijini kutafuta maziwa.

Ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaouona mkubwa kuliko yote, ni kubadilisha mwezi wa kuzaa kwa sehemu ya ng'ombe wako. Ukitaka ng'ombe azae Juni au Julai, apandishwe Septemba au Oktoba. Mitamba ndiyo rahisi kuanza nayo, kwa sababu haijawa na mzunguko wa kuzaa na unaweza kuisubirisha. Uhimilishaji, yaani kupandisha kwa mbegu zinazoletwa na mtaalamu, unasaidia sana hapa, kwa kuwa hufugi dume linaloamua tarehe kwa niaba yako. Usihamishe kundi zima. Maziwa ya kifuku, yaani msimu wa mvua, hata yakilipwa kidogo, yana gharama ndogo kwa sababu majani ni ya bure, na familia inahitaji fedha miezi yote. Kama theluthi au nusu ya kundi ikizaa kiangazi, tayari umekuwa mfugaji wa aina nyingine mbele ya mnunuzi.

Ugumu upo, na usipotajwa mtu atajaribu mara moja na kuacha. Septemba huku ni vumbi tupu. Ng'ombe aliyekonda haingii kwenye joto vizuri, na akiingia mimba haishiki kirahisi. Kwa hiyo mpango huu wote unasimama juu ya ghala la malisho. Asiye na ghala asianze na kupandisha, aanze na ghala.

Dodoma ina malisho mengi ambayo tunayaacha yaliwe na moto na mchwa. Mabua ya mtama na mahindi, majani ya karanga baada ya kuvuna, nyasi za porini zikikatwa kabla hazijakomaa na kugeuka kuni: vyote vinafungwa marobota kwa sanduku la mbao la kushindilia, kamba na nguvu za vijana wawili. Majani ya karanga hasa yasitupwe, yana protini nzuri. Ukiwa na kipande cha ardhi, otesha nyasi zinazovumilia ukame, kwa mfano senkrasi, badala ya kung'ang'ana na majani ya tembo yanayodai maji ambayo huna. Kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI kipo Mpwapwa, hapo hapo mkoani kwetu, na ndiko walikozalisha ng'ombe wa Mpwapwa kwa ajili ya nchi kavu kama hii. Nenda ukaulize habari za mbegu na mitamba.

Mashudu ya alizeti yanunuliwe mashine zinapokamua, mara baada ya mavuno, wakati Kibaigwa na Singida kuna mzigo. Anayesubiri Desemba analipa faida ya aliyeyahifadhi. Ila yakauke kabisa na yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Ng'ombe akila chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake hutokea kwenye maziwa, na mtoto wa mtu ndiye anayeyanywa. Pumba zenye ukungu usizihurumie, zitupe.

Ukishakuwa na maziwa ya kiangazi, kaeni kikundi na mwende kuzungumza Agosti. Mtu mmoja mwenye lita kumi na tano hana la kumwambia meneja, lakini kikundi chenye lita mia tatu, wakati gari linarudi nusu tupu, kitasikilizwa. Msiende kuomba bei kubwa ya Agosti peke yake, maana kiangazi atawapa tu. Ombeni makubaliano ya mwaka mzima: sisi tutawaletea kiasi hiki Julai hadi Oktoba, nanyi Januari hamtashuka chini ya bei hii. Hilo ndilo jambo la kulipigania. Msindikaji naye anaumia mitambo yake ikikaa bila maziwa, mishahara na umeme vinamsubiri, kwa hiyo uhakika wa kiangazi una thamani kwake na anaweza kuulipia.

Kabla ya kwenda, kila mwanakikundi ajue lita moja inamgharimu kiasi gani. Daftari la shule linatosha: chakula, maji, dawa, mshahara wa kijana, usafiri, dhidi ya lita ulizouza, miezi ya kiangazi peke yake na ya kifuku peke yake. Kwa ng'ombe mzuri wa chotara, kilo moja ya chakula cha ziada kilichochanganywa vizuri huongeza kama lita moja na nusu hadi mbili. Tuseme kilo ni shilingi 900 na lita unalipwa 1,000, bado kuna kitu kinabaki. Ikiwa ng'ombe huyo anakuongezea nusu lita tu kwa kilo hiyo, unalisha hasara, na hakuna bei ya kiwanda itakayokuokoa. Wapo ng'ombe wa namna hiyo kwenye mabanda yetu. Wauzwe.

Kuna fedha nyingine inayopotea mlangoni mwa kituo, na hapo nina uchungu zaidi kuliko kwenye bei yenyewe, kwa kuwa inaambatana na kudhalilishwa. Maziwa yanapimwa kwa laktomita, kifaa kinachoelea kuonyesha uzito wa maziwa, na ikisoma chini ya 28 unaambiwa umetia maji. Lakini laktomita nyingi zimetengenezwa kwa maziwa ya nyuzi joto 20. Maziwa yenye joto ni mepesi zaidi, na asubuhi ya Dodoma yanafika kituoni yakiwa bado ya uvuguvugu. Kanuni inayotumika ni kuongeza 0.2 kwa kila nyuzi moja juu ya 20. Maziwa ya nyuzi 30 yakisoma 26.5, usomaji wa kweli ni 28.5, nayo ni halali. Kituo kisicho na kipimajoto kinamwita mtu mwaminifu mwizi. Dai kipimajoto mbele ya wenzako, kwa heshima, na usiondoke hadi kipimo kirudiwe.

Kipimo cha spiriti nacho kina mambo yake. Kinagandisha maziwa yaliyoanza kuchacha, lakini pia kinagandisha maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi, ya mwenye ugonjwa wa kiwele, na wakati mwingine ya anayekaribia kukauka. Usichanganye maziwa hayo na ya wengine, dumu zima litarudi. Dumu lenyewe la plastiki lenye mdomo mwembamba halisafishiki. Chombo cha alumini ni ghali, lakini kikundi kinaweza kununua vichache kwa kuchangia.

Uliza pia kama wanapima kwa lita au kwa kilo. Lita 100 za maziwa zina uzito wa kama kilo 103. Wakikupimia kwa mzani, jua hesabu inavyogeuzwa kuwa lita, na uhakikishe uzito wa chombo umetolewa mbele yako. Wakipima kwa ndoo, povu litulie kwanza.

Mwisho, usimpe mnunuzi mmoja maziwa yote. Mimi sehemu yangu inakwenda kwa mama lishe na vibanda vya chai kuelekea Mji wa Serikali Mtumba, na nyingine tunagandisha nyumbani na kuuza mtindi. Wanaouza mitaani wachemshe, maana ugonjwa wa kutupa mimba unamwingia binadamu kupitia maziwa mabichi, na wajisajili Bodi ya Maziwa kama Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004 inavyotaka. Samli ni akiba nzuri ya kifuku kwa wanaojua kuitengeneza, na bibi zetu wa Kigogo waliijua, ila hesabu iwepo: maziwa yenye mafuta asilimia nne yanahitaji kama lita 25 kutoa kilo moja. Hata hivyo sishauri mtu akihame kituo kabisa. Mama lishe hafungui Jumapili, wanafunzi wa chuo wanaondoka likizo, na ng'ombe hajui likizo.

Mkifika mezani na msindikaji, maandishi yawe na bei ya chini ya kifuku, siku ya malipo, namna ya kupima, na nani anabeba hasara maziwa yakiharibika baada ya kupokelewa kwa sababu umeme umekatika kituoni. Kipengele hicho cha mwisho watajaribu kukiruka. Msisaini kabla hakijaandikwa.