Kashata zilikuwa nzuri, tairi likapasuka

Desemba 2019 tulikuwa safarini kwenda Makambako, watu saba ndani ya Noah, mabegi kwenye buti na gunia la mchele juu ya keria. Mikumi tulishaipita. Tupo kwenye lile bonde la mibuyu, karibu na Ruaha Mbuyuni, jua la saa nane mchana, mke wangu ameshaanza kuulizia vitunguu atakavyonunua mbele. Nikasikia mlio kama mtu kapiga bati kwa rungu, na mkia wa gari ukaanza kucheza.

Bahati yangu nilikuwa nyuma ya lori, spidi haizidi 60. Nikakaza usukani kwa mikono miwili, nikaachia mafuta taratibu, breki sikuigusa mpaka gari lilipopunguza mwendo lenyewe. Hilo nililisikia zamani kwa mjomba aliyeendesha mabasi: tairi likipasuka, ukikanyaga breki kwa hofu unalimalizia gari kugeuka.

Tairi lenyewe, la nyuma kushoto, nilikuwa nimelinunua miezi minne nyuma kwa shilingi elfu 35, mtumba. Nililichagua kwa kashata, yale matofali ya mpira usoni mwa tairi yanayogusa lami. Zilikuwa nene, zimejaa, mpira unang'aa kama viatu vya bwana harusi. Fundi aliniambia, "Bosi, hili bado jipya kabisa." Nikaamini, kwa sababu na mimi nilikuwa naangalia alichokuwa anaangalia yeye.

Dereva mmoja wa lori, mtu mzima, alisimama kutusaidia na utingo wake. Akalizungusha lile tairi, akafuta vumbi ubavuni kwa kidole, akaniita. "Kijana, umelinunua lini hili?" Nikamwambia. Akanionyesha tarakimu nne za mwisho kwenye ule mstari unaoanza na herufi DOT: 3309. "Wiki ya 33, mwaka 2009. Umenunua marehemu."

Nilikuwa nimeendesha miaka kumi na moja bila kujua kwamba tairi lina tarehe ya kuzaliwa.

Matairi yote yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 yana hizo namba nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wakati mwingine zimeandikwa upande mmoja tu, na upande huo ukakaa kwa ndani, basi utalazimika kuinama uvunguni. Inama. Mpira huzeeka hata kama gari halitembei. Hewa na jua huukausha, mafuta yaliyoulainisha hutoka, nyufa ndogo huanza kuonekana ubavuni na kwenye mifereji. Kampuni nyingi za matairi zinasema baada ya miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi litolewe hata kama linaonekana zima. Mimi kwa jua la Dar nalitoa likifika sita. Na ule mng'ao ulionidanganya ni dawa tu ya kupaka. Inaficha nyufa vizuri sana. Ukienda kununua mtumba chukua kitambaa chenye maji, futa, kisha likunje kidogo kwa vidole uone.

Kuna mtego mwingine wa mtumba ambao huku kwetu hausemwi vya kutosha. Baadhi ya magari tunayotoa Japani huja na matairi ya baridi, yale ya kutembelea kwenye barafu. Utayajua kwa neno STUDLESS ubavuni, au kialama cha mlima chenye chembe ya theluji katikati, na usoni kashata zimechanjwachanjwa vimstari vyembamba vingi kama chale. Mpira wake ni laini makusudi, ili usikakamae kwenye baridi. Uyalete Morogoro kwenye lami ya nyuzi 50 yanalainika zaidi, yanalika upesi, na mvua ikinyesha breki zinachelewa kushika. Ila ukiyaangalia kwa macho ya kashata, ndiyo mazuri kuliko yote dukani.

Sasa zile namba nyingine. Za Noah yangu zilikuwa 195/65R15 91S. Ile 195 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, asilimia 65 ya ule upana. R ni radial, yaani nyuzi za ndani zimelazwa kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine, na 15 ni rimu kwa inchi. Hizi kila fundi anazijua. Namba wanayoiruka ni ile ya mwisho: 91 ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, kilo 615, na S ni spidi ya juu, 180. Lile marehemu langu lilikuwa 185/65R15 88, kilo 560. "Linaingia tu, rimu ni ileile," fundi alisema, na kweli liliingia. Hesabu watu saba, mabegi, mchele, halafu ulitwike tairi la miaka kumi lililo chini ya kipimo. Usishuke chini ya namba ya uzito iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kibandiko. Kupanda juu hakuna shida.

Kibandiko chenyewe kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Fungua mlango utakiona. Ndipo kilipoandikwa kiasi cha upepo cha gari lako. Magari madogo mengi ya Kijapani utakuta 220 au 230 kPa, yaani PSI 32 au 33, na mengine hutaja kiasi tofauti mbele na nyuma, au gari likiwa limejaa. Namba iliyo ubavuni mwa tairi yenyewe, MAX PRESS 44 PSI na kadhalika, ni mwisho ambao tairi linaweza kuvumilia, siyo kiasi cha kuweka. Nimeona watu wanaisoma hiyo na kumwambia kijana wa kompresa ajaze mpaka hapo. Na yule kijana ukimwachia mwenyewe, ana namba yake moja anayowawekea wote, IST, Noah na Hiace.

Upepo pungufu ndio unaoua zaidi. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika kila linapogusa lami na kukunjuka kila linapoinuka, mara mamia kwa dakika. Kunja waya wa chuma mara ishirini uguse pale unapokunjika: unachoma. Ndivyo tairi linavyopikika kwa ndani, nyuzi zinaachana na mpira, na siku linapasuka wewe unalaumu jua. Jua limesaidia tu.

Kwa hiyo nilinunua geji yangu ya upepo, na naiona ni kifaa cha bei rahisi kilichonifaa kuliko vyote garini. Napima asubuhi kabla gari halijatembea, kila baada ya wiki mbili na kabla ya safari yoyote ndefu. Tairi likishatembea hupata joto, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka upepo hupanda kama PSI moja na nusu. Usije ukafika Chalinze, ukapima, ukaona 37, ukautoa. Likipoa utakuwa umebaki na pungufu, na utakuwa umejitengenezea ugonjwa mwenyewe.

Pancha, kwa kifupi. Msumari ukiingia usoni, pale penye kashata, kiraka cha ndani kinatosha. Ule uzi mweusi wa mpira unaochomekwa kwa nje ni wa kukufikisha gereji. Ubavuni pakichanika hapazibwi, hata fundi akuapie. Na kuweka tyubu ndani ya tairi la tubeless, lile lisilohitaji tyubu, kwa sababu "linavuja kidogo" ni kununua joto lingine, kwani tyubu inasuguana na tairi, na tubeless ambalo lingeisha upepo polepole sasa litaondoka kwa kishindo. Kuchonga kashata upya kwenye kipara cha gari dogo sitaki hata kulijadili.

Uso wa tairi nao una la kusema. Likilika pembeni zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likilika katikati, ulizidi. Upande mmoja tu, kafanye alaimenti, magurudumu yanyooshwe. Likiwa na mabondemabonde, kagua shokapu kabla hujanunua tairi jipya, la sivyo na hilo litaliwa. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo. Kashata zikiwa sawa navyo zimebaki milimita 1.6, na hapo tairi limekwisha. Mimi sisubiri. Masika nikiona zimebaki kama milimita 3 naanza kuchanga hela.

Kuna jambo moja ninalobishana na mafundi mpaka leo. Ukiwa na pesa ya matairi mawili mapya, yafunge nyuma, hata kama gari linavutwa na miguu ya mbele. Wao husema mbele ndiko kunakofanya kazi. Kweli, na ndiyo maana mbele kunalika upesi. Lakini kwenye mvua, mbele kukiteleza unaachia mafuta na gari linanyooka. Nyuma kukiteleza gari linakugeukia kabla hujajua umefanya nini, na wengi wetu hatukufundishwa kulirudisha. Fundi wangu wa sasa hukubali huku akitikisa kichwa.

Siku ile Ruaha Mbuyuni tulichelewa zaidi ya saa mbili, na si kwa ajili ya tairi lililopasuka. Spea niliyoitoa chini ya mabegi yote ilikuwa tepetepe, sikuwahi kuipima tangu ninunue gari. Utingo alishuka na kuuvuta mpira wa upepo kutoka kwenye lori lao, wakanijazia, wakakataa hela, wakapokea soda. Mzee alisimama pale mpaka nilipokaza nati, akanirudisha nianze tena kwa kukingamisha, juu kisha chini, kulia kisha kushoto. "Ukifika Ilula ukaze tena," akasema. Nilipofika Ilula, mbili zilikubali kuzunguka.

Lile tairi nililiacha Makambako kwa mzee anayekata makatambuga. Aliliangalia kashata, akasema bado jipya.

Wiki iliyopita nikapiga magoti nyuma ya gari kusoma ubavu wa spea ninayotembea nayo sasa. 1417. Upepo upo, kashata hazijaguswa. Jumamosi naitoa.